Stesheni ya Shinyanga na Mzigo wa Pamba

Stesheni ya Shinyanga wengi wenu mwaijua. Leo natutazame imemfaa nani.

Hapo kale mizigo ya nchi hii ilichukuliwa na wapagazi vichwani na mabegani, kila mtu kadiri ya kilo 30. Behewa lenye tani 20 lina mizigo ya watu zaidi ya 600! Wajerumani walianza kujenga reli ya kati huko Dar es Salaam mwaka 1905, nayo ikafika Tabora mwaka 1912. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza wakaongeza tawi la kaskazini kutoka Tabora, likapita Shinyanga, na mwaka 1928 likafika Mwanza.

Sasa fahamuni jambo hili. Dhahabu ya Geita ni kidogo kwa uzito, tena ni ya thamani kubwa; hata ikisafirishwa mbali bila reli, faida haipotei njiani. Pamba sivyo. Uzito wake ni mwingi na bei ya kila kilo ni ndogo, hata gharama ya safari yaweza kuimeza yote. Kwa hiyo mkulima wa pamba aliihitaji stesheni kuliko mchimba dhahabu.

Lakini stesheni haisimamii mizani. Wakulima wa Usukuma walipoona wanapunjwa na wanunuzi, waliunda vyama vya ushirika, navyo mwaka 1955 vikaungana katika shirikisho moja. Basi ajuaye kusoma na aisome mizani, kabla mzigo wake haujapakiwa.