Je, Wajua? Homoni Iliyofichuliwa na Jogoo

Shuka steji yoyote ya Barabara ya Jogoo jijini Nairobi, kuanzia City Stadium hadi Donholm, uinue macho kwenye nguzo za stima. Utakiona kibao cha bati, maandishi mekundu na nambari ya simu: nguvu za kiume, kurudisha mpenzi, kesi za mashamba. Nguvu hizo zinazotangazwa kando ya barabara yenye jina la jogoo zilianza kueleweka kwa jogoo kweli.

Mwaka wa 1849, mjini Göttingen, Ujerumani, mwanasayansi Arnold Berthold alichukua majogoo sita wachanga akawafanyia upasuaji. Waliohasiwa kabisa wakapoa kama mitetea, kishungi kikanywea, wasiwike. Wengine aliwapandikizia korodani tumboni, zikiwa zimekatwa mishipa yake ya fahamu. Hao waliwika, wakapigana, wakafukuzana na majike kama kawaida. Basi kitu kilichowapa nguvu hizo kilikuwa kinasafiri kwa damu.

Jina la kitu hicho, testosteroni, lilikuja 1935. Kundi la watafiti la Ernst Laqueur huko Amsterdam lilikamua takriban kilo 100 za korodani za fahali likaambulia miligramu 10 tu za homoni hiyo. Mwaka huohuo wanakemia Adolf Butenandt na Leopold Ruzicka waliiunda testosteroni maabarani.

Wanawake pia wanayo, ila kidogo. Na hapa ndipo mambo yanaponoga, kwa sababu homoni hii haishughuliki na ndevu na misuli tu: huituliza kinga ya mwili. Katika kila wagonjwa kumi wa lupasi, ugonjwa ambao kinga humgeukia mwenyewe ikatafuna viungo, ngozi na figo, wapatao tisa ni wanawake. Kuna panya wa maabara wanaozaliwa na mwelekeo wa lupasi; madume wakihasiwa, ugonjwa huwashika mapema, na majike wakipewa homoni ya kiume huishi zaidi. Homoni si sababu pekee, kwani kromosomu ya X nayo ina mkono wake.

Sasa tuseme wewe ni mwanamume wa Umoja au Kayole, una lupasi au baridi yabisi. Umechoka, hamu ya ndoa imepungua, na kijana wa jimu anakunong'oneza kuhusu sindano. Ukisikia habari ya panya wale utadhani umepata dawa ya ndege wawili kwa jiwe moja. Pole pole. Panya si mtu, na testosteroni haijawa tiba ya lupasi. Hupewa mtu ambaye mwili wake umeshindwa kuitengeneza, na hilo huthibitishwa kwa vipimo.

Uchovu wenyewe una baba wengi: ugonjwa ukiwaka, upungufu wa damu, tezi ya shingo, kukosa usingizi. Hata predinisoloni, kile kidonge kinachookoa viungo vyako, kikitumiwa muda mrefu huweza kushusha testosteroni na kudhoofisha mifupa. Usikiache ghafla kwa sababu hiyo. Tezi zilizo juu ya figo huwa zimelala, na mwili unaweza kuporomoka.

Dawa yenyewe ukiitazama haitishi: kimiminika kizito cha manjano, mara nyingi homoni iliyoyeyushwa katika mafuta, hudungwa msulini. Ikishaingia, ubongo huona homoni imejaa na kuacha kuziamrisha korodani. Hizo hunywea, mbegu hupungua. Anayetaka mtoto na asikie. Damu nayo huzidisha seli nyekundu. Zikipita asilimia 54 ya ujazo wake, daktari husimamisha dawa au huipunguza. Kwa mgonjwa wa lupasi hili si dogo, maana baadhi yao wana chembe za kinga zinazogandisha damu hata bila sindano. Mimi ningeanza na kipimo cha chembe hizo kabla ya kufungua chupa.

Testosteroni hupanda asubuhi na kushuka jioni. Kwa hiyo pimwa kati ya saa mbili na saa nne asubuhi, kabla ya kunywa chai, na urudie siku nyingine. Ukifika kwa daktari, mwonyeshe dawa zote unazotumia, pamoja na ile uliyoinunua kwa nambari ya nguzoni.