Kusikia na kusikiliza: msamiati wa mwili kwa mwenye maradhi ya moyo

Katika Kiswahili, hali za mwili husikika. Mtu husikia njaa, husikia baridi, husikia maumivu. Akiulizwa hali yake, hueleza jinsi anavyojisikia. Kitenzi *sikia* hutaja jambo linalomfikia mtu bila yeye kulitafuta. Kikinyambuliwa kuwa *sikiliza*, huingia kusudi: mwenye kusikiliza ametega sikio. Tofauti hiyo ina uzito mkubwa kwa mtu ambaye moyo wake unashindwa kufanya kazi, kwa kuwa dalili za maradhi haya ya kudumu huongezeka kidogo kidogo kabla ya kumlaza mgonjwa hospitalini.

Mgonjwa wa Mbagala, wilayani Temeke, au wa Bunju, wilayani Kinondoni, huonana na daktari kwa miadi, ama katika hospitali ya Temeke au ya Mwananyamala, ama katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete iliyoanzishwa mwaka 2015 pale Muhimbili. Siku nyingine zote yuko nyumbani na mwili wake. Jina analoipa dalili ndilo huamua kama atakwenda hospitali mapema au atangoja.

Kushindwa, kusimama, mshtuko

*Kushindwa* kuna maana mbili zilizo karibu: kuzidiwa na mpinzani, na kutoweza jambo, kama katika "nimeshindwa kuja". Katika *moyo kushindwa kufanya kazi*, maana ni hiyo ya pili: moyo unasukuma damu, lakini haukidhi mahitaji ya mwili. *Moyo kusimama* ni jambo jingine, nao *mshtuko wa moyo* hutokea mshipa unaoulisha moyo damu unapoziba. Wasemao *moyo kufeli* huazima neno la mitihani, na msikilizaji hudhani hukumu imekwisha kutolewa. Njeo nayo ina kazi yake: "moyo umeshindwa" husikika kama habari ya mwisho, ilhali "moyo unashindwa kusukuma damu ya kutosha" hueleza hali inayoendelea na inayoweza kutibiwa.

Pumzi, kuhema, kupumzika

*Hema* na *tweta* hukaribiana sana: yote mawili ni kupumua kwa haraka au kwa nguvu, kama afanyavyo aliyetoka mbio. Kwa daktari, neno pekee halitoshi, linahitaji kipimo. "Nahema" haina uzito wa "mwezi uliopita nilitoka kituo cha daladala hadi nyumbani bila kusimama, sasa nasimama mara mbili".

*Pumua*, *pumzi* na *pumzika* ni maneno ya ukoo mmoja: kupumzika ni kurudisha pumzi. Hapa lugha yaweza kumpoteza mwuguzaji. Mgonjwa akilala chali, maji yaliyotuama miguuni mchana hurudi katika mzunguko wa damu na kuyalemea mapafu. Kauli ya huruma, "lala upumzike", yaweza kumwongezea dhiki. Huenda akapata pumzi zaidi akiwa ameketi. Anayehitaji mito mitatu ilhali alitumia mmoja, au anayeshtuka usiku akitafuta hewa, asiseme tu kwamba hapati usingizi.

Kuvimba, kujaa, kunawiri

Miguu *huvimba* kwa sababu nyingi: jeraha, kuumwa na mdudu, kukaa muda mrefu. Wakazi wengi husema miguu *inajaa*, na neno hilo lafaa, kwa kuwa kinachojaa ni maji. Ukiibonyeza ngozi juu ya kifundo kwa kidole, shimo hubaki kwa muda. Hapo husemwa mguu *unabonyea*.

Tatizo kubwa liko katika sifa. Aliyeongezeka mwili huambiwa amenenepa au *amenawiri*, na jirani husema hivyo kwa wema. Lakini mwili wa mgonjwa huyu waweza kuongezeka kwa maji yasiyotoka. Ndiyo maana hushauriwa ajipime kila asubuhi: ongezeko la zaidi ya kilo 2 ndani ya siku 3 si kunawiri, ni sababu ya kuwasiliana na kituo cha afya.

Kifua na presha

"Naumwa kifua" yaweza kuwa kikohozi, maumivu au kubanwa, na kikohozi cha usiku cha mgonjwa wa moyo huweza kudhaniwa kuwa pumu au kifua kikuu. Taja ni lipi kati ya hayo. *Presha* nayo ni shinikizo la damu na vilevile ni wasiwasi ("usinipe presha"). Kuyachanganya kuna hatari: katika utafiti uliofanywa Muhimbili kwa wagonjwa 427 na kuchapishwa mwaka 2014, shinikizo la damu ndilo lililoongoza miongoni mwa vyanzo vya moyo kushindwa, kwa asilimia 45. Tena, shinikizo hilo huweza kuwa juu bila mtu kusikia chochote. Hulijua kwa kupimwa tu.

Nafuu na kupona

*Kupona* ni kuondokewa na ugonjwa. *Kupata nafuu* ni kupungukiwa na ukali wake. Dawa za kupunguza maji zikishafanya kazi, miguu hurudi na pumzi hutulia, na mgonjwa husema "nimepona". Akishaamini neno hilo, huona hana sababu ya kununua dawa nyingine, na maji hurudi. Kauli sahihi ni "nina nafuu kwa sababu natumia dawa".

Matumizi

Badala ya "nimechoka", sema: "kazi niliyoimudu wiki iliyopita, kama kuchota maji, leo imenishinda". Badala ya "sijisikii vizuri", taja dalili, siku ilipoanza na kiasi ilivyozidi. Na anayekosa pumzi akiwa ameketi kimya, au anayebanwa kifua ghafla, asingoje siku ya miadi. Apelekwe hospitali mara moja.