Mkwaruzo Hauondoki, Rangi Ndiyo Iondokayo

Aghalabu mwenye gari akiona mikwaruzo juu ya boneti huwa na fikra moja tu: alipeleke kwa fundi likasuguliwe. Gari likirudi liking'ara, hulipa kwa furaha na kuamini kuwa mikwaruzo imeondoka. Lakini mkwaruzo ni mfereji uliochimbwa ndani ya rangi, na mfereji hauondolewi. Kinachoondolewa ni rangi iliyouzunguka, ikateremshwa hata ikawa sawa na kina chake. Jambo hili lapaswa kufahamiwa na kila mwenye gari katika visiwa hivi, na hasa na wale waliokabidhiwa magari ya umma, kwa sababu kinachopunguzwa hakirudi.

Rangi ya gari la siku hizi ni matabaka. Juu ya bati kuna kinga ya kutu, kisha praima, kisha rangi yenyewe tunayoiona, na juu kabisa tabaka angavu lisilo na rangi, mithili ya vanishi juu ya mlango wa msaji. Utaratibu huu ulienea viwandani katika miaka ya 1980. Vanishi hiyo kwa kawaida ina unene wa mikroni 35 hadi 50, na mikroni 1000 ndizo zifanyazo milimita moja. Unywele wa kichwa, ambao ni kama mikroni 70, ni mnene kuliko ngao yote hiyo. Nayo ndiyo yenye dawa ya kuikinga rangi na mionzi ya jua. Ikibaki nyembamba mno, jua huipasua, ikabambuka kama ngozi ya mtu aliyeungua, na hapo hakuna polishi itakayofaa. Rangi iliyo chini hufifia na kupukutika. Na bati likishafunuliwa, hewa ya chumvi ya Malindi haihitaji kukaribishwa.

Vanishi zote si sawa. Magari ya Kijerumani, kama Mercedes-Benz na Audi, yanajulikana kwa vanishi ngumu, na mwaka 2003 Mercedes-Benz ilianza kutumia vanishi yenye chembe ndogo mno za kauri ili isikwaruzike upesi. Magari mengi ya Kijapani, ambayo ndiyo tele katika barabara zetu, yana vanishi laini zaidi. Nissan hata ilishika njia ya kinyume mwaka 2005, ikatangaza vanishi inayonyumbuka, ambayo mikwaruzo yake midogo hujifuta yenyewe.

Tofauti hii ndiyo inayowaponza mafundi. Vanishi laini hukwaruzwa hata na kitambaa, lakini husuguka kwa wepesi. Ngumu hustahimili, ila ikishakwaruzika haikubali kusawazishwa upesi. Fundi aliyezoea magari ya Kijapani hulipitishia gari la Kijerumani sponji ile ile na dawa ile ile, haoni badiliko. Hasira humpanda, akaikandamiza mashine na kuikalisha mahali pamoja. Joto huzidi, vanishi huungua; na kwenye kingo za milango, ambako rangi ni nyembamba, huwa ameshafika chini kabla hajatanabahi.

Vanishi ngumu haitaki nguvu za mkono, yataka nyenzo iliyo kali zaidi: pedi ya sufu au ya maikrofaiba badala ya sponji, na dawa yenye chembe za oksidi ya alumini, huku mashine ikienda polepole. Kisha hufuata pedi laini na dawa nyororo, kuondoa ukungu ulioachwa na ile kali. Na hata hivyo fundi mwenye busara huanza na dawa iliyo dhaifu, kwenye kipande kisichozidi viganja viwili, akaongeza ukali iwapo tu haikufaa. Mkwaruzo unaokwamisha ukucha asiufuatie hadi chini. Aupunguze makali, basi.

Kipo pia kipimo cha unene wa rangi, kifaa kidogo kinachobandikwa juu ya bati. Hupima matabaka yote kwa pamoja, si vanishi peke yake, lakini chatosha kutoa ushahidi. Rangi ya kiwandani mara nyingi huwa kati ya mikroni 100 na 180. Pakionekana pungufu kuliko sehemu za jirani, huenda pameshasuguliwa, na magari yetu mengi hufika yakiwa yameshatumika kwingine. Gereji ikabidhiwayo magari ya Serikali bila ya kipimo hiki inabahatisha mali ya watu.

Kuna na werevu mwingine. Baadhi ya polishi zina mafuta yanayojaza mikwaruzo bila ya kuisawazisha, na baada ya kuoshwa mara chache yote hurejea. Ofisa asitie saini hati ya malipo kabla ya kipande cha boneti kufutwa kwa spiriti iliyochanganywa na maji na kutazamwa juani.

Mikwaruzo mingi, hata hivyo, huzaliwa katika kuosha. Kila asubuhi wako madereva wanaofuta vumbi kavu kwa kitambaa mbele ya ofisi, wakidhani wanalitunza gari, ilhali vumbi hilo lina mchanga. Limwagiwe maji kwanza, lioshwe kuanzia paani kwenda chini, na kitambaa kisuuzwe katika ndoo ya pili. Ndoo hiyo ya pili ndiyo isiyoonekana katika viwanja vyetu vingi vya kuegesha magari, na bei yake haiwezi kulinganishwa na ya kupaka boneti moja upya.