Si kila homa ni malaria: mwambie wa kemisti unachomeza

Hii unaijua. Ni jioni Kibwezi, mgongo unauma kwa kukaa kwenye boda tangu asubuhi. Unaingia kemisti karibu na steji, unasema, "Nipe kitu ya maumivu." Unapewa, unalipa, unaenda. Hakuna aliyekuuliza kama kuna dawa nyingine unameza. Na wewe hukusema, kwa sababu hiyo nyingine ni ya sonona, na nani anataka mtaa mzima ujue?

Nakuelewa. Nilipoacha chuo mwaka wa pili, nilirudi nyumbani na pakiti ya fluoksetini ndani ya soksi. Hata susu hakujua.

Sasa sikiza. Dawa nyingi za sonona, kama fluoksetini na sertralini, huongeza nguvu ya serotonini, kemikali ambayo neva hutumia kupashana habari. Shida ni kwamba kuna dawa zingine zinafanya hivyo pia. Tramadoli ya maumivu ni moja. Dekstrometofani, iliyo kwenye dawa nyingi za kikohozi zenye herufi DM, ni nyingine. Kuna pia amitriptilini, unayoweza kupewa ya kipandauso bila kuambiwa kwamba hutibu sonona pia. Daktari anaweza kuzipanga pamoja kwa kipimo anachokijua. Ukijipangia mwenyewe, serotonini inaweza kuzidi.

Ikizidi, ishara huja haraka, mara nyingi ndani ya saa 24: kutetemeka, jasho, kuhara, moyo kwenda mbio, misuli kurukaruka yenyewe. Ikiwa kali, mwili unachemka, misuli inakakamaa, mtu anachanganyikiwa, na anaweza kufa.

Soma hiyo orodha tena. Mtu akichemka na kutetemeka hapa kwetu, susu atasema nini? Malaria. Sawa, pimwa malaria. Lakini kipimo hicho hakitaonyesha ulichomeza.

Machi 1984, Libby Zion, mwanafunzi wa chuo wa miaka 18, alipelekwa hospitali mjini New York akiwa na homa na mwili ukirukaruka. Alikuwa akimeza fenelzini, dawa ya sonona. Akadungwa pethidini. Asubuhi iliyofuata alifariki, na wataalamu wengi wanaamini mchanganyiko huo ulichangia.

Hapa Makueni, watafiti wa Africa Mental Health Research and Training Foundation, wakiwa na Profesa David Ndetei, wamewafunza hata waganga wa kienyeji na viongozi wa dini kutambua sonona. Kwa hivyo tunajifunza kuutaja ugonjwa. Tujifunze kutaja na dawa.

Fanya hivi. Piga picha ya pakiti yako, ikae kwenye simu. Ukifika kemisti, ionyeshe tu: "Hii nameza kila siku. Inaenda na hiyo?" Hadithi ya maisha yako si lazima. Fluoksetini hukaa mwilini wiki kadhaa, kwa hivyo itaje hata kama uliacha mwezi jana. Na usiiache ghafla kwa sababu ya makala hii. Ongea na daktari kwanza.

Ukiona zile ishara, usimeze tena ile dawa mpya. Nenda hospitali na pakiti zote, hata ile ya kwenye soksi.

Mimi nilimwambia susu mwishowe. Aliniuliza kitu moja tu: "Umekula?"