Klorini Inapogonga Ukuta

Kimelea cha malaria hakiwezi kuzaliana bila kutengeneza DNA mpya, na kazi hiyo huhitaji kimeng'enya kiitwacho DHFR, kinachoiandaa foleti, vitamini inayotumika humo. Kimeng'enya hicho kina kishimo ambamo foleti hukaa. Pirimethamini, mojawapo ya dawa mbili zilizomo katika vidonge vya malaria vya SP, huwahi kishimo hicho na kukiziba. Ilitoka katika maabara ya George Hitchings na Gertrude Elion, Marekani, enzi ambazo mkemia alibadili atomu moja, akapima, kisha akabadili nyingine.

Mwaka 1962 Corwin Hansch wa Pomona College, California, akiwa na Toshio Fujita na wenzao, alionyesha kwamba nguvu ya molekuli inaweza kukokotolewa kutokana na umbo lake. Walianza na vichocheo vya ukuaji wa mimea, si dawa. Kila molekuli hupewa tarakimu: inapenda mafuta kuliko maji kwa kiasi gani, inavuta elektroni vipi, ina ukubwa gani. Kompyuta hutafuta mlinganyo unaounganisha tarakimu hizo na kiasi cha dawa kinachopunguza kazi ya kimeng'enya kwa nusu. Hapa pana mtego. Tarakimu zikiwa nyingi na molekuli chache, mlinganyo hukariri badala ya kujifunza. Ndiyo maana baadhi ya molekuli hufichwa, zije kuupima baadaye.

Mlinganyo, hata hivyo, hauonyeshi dawa inagusa wapi. Hilo lilionekana mwaka 2003, watafiti wa Thailand walipochapisha umbo la DHFR ya kimelea, lililosomwa kwa eksirei. Katika vimelea sugu, asidi amino ya 108, serini, imebadilika kuwa asparajini, iliyo ndefu zaidi. Atomu ya klorini ya pirimethamini huigonga, na dawa haikai sawasawa. Usugu wa namna hii ndio uliochangia Tanzania, iliyoifanya SP dawa ya kwanza ya malaria mwaka 2001, kuhamia dawa mseto ya ALu miaka michache baadaye. Wajawazito bado hupewa SP kliniki kama kinga.

Kikosi hicho cha Thailand, chini ya Yongyuth Yuthavong, kikabuni molekuli ya P218, iliyotangazwa mwaka 2012. Molekuli hiyo ina mkia unaopindika, hivyo huikwepa asparajini, na ncha ya mkia huo hushikamana na arginini ya 122. Tena, karibu yote hubaki ndani ya nafasi ileile inayokaliwa na foleti: badiliko litakaloifukuza P218 litaelekea kuifukuza na foleti yenyewe, ambayo kimelea hakiwezi kuikosa.