Wakili wa Jumapili, Mdeni wa Jumatatu

Dawa ya deni ni kulipa, walinena wahenga. Hata hivyo, yako madeni ambayo mdeni mwenyewe hayahesabu kuwa madeni, kwa kuwa hayakuandikwa katika daftari la duka lolote. Deni la aina hiyo ndilo lililonifanya niishike kalamu leo.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa katika kamati ya uwakili ya kanisa letu. Jumapili moja nilisimama mbele ya waumini nikawahimiza watoe fungu la kumi kwa uaminifu. Nilisifiwa sana. Kesho yake asubuhi nilimkuta mwanafunzi akinisubiri mlangoni pa ofisi yangu.

"Samahani, mwalimu," aliniambia kwa adabu. "Alama za somo lako hazijafika, na jina langu limeachwa nje ya orodha ya mahafali."

Karatasi zake za mtihani, pamoja na za wenzake, zilikuwa ndani ya buti la gari langu tangu muhula ulipofungwa. Hata nilipokuwa nikihubiri uwakili, zilikuwa pale nje, kwenye uwanja wa kanisa.

Mwanaisimu akikwama hulirejelea neno. Wakili ni neno tulilolipokea kutoka Kiarabu, na katika mazungumzo yetu ya leo ni yule anayetutetea mahakamani. Lakini Biblia ya Kiswahili iliyotolewa mwaka wa 1952 ililitumia kwa maana pana zaidi: mtu aliyekabidhiwa mali isiyokuwa yake, aitunze na kuitumia kwa niaba ya mwenyewe. Shina hilo hilo ndilo lililotupa kitenzi kutawakali, yaani kumtegemea Mungu kwa yote. Mja hutawakali kwa Mola wake, na Mola naye humfanya mja kuwa wakili wake. Amana hiyo ni ya pande mbili.

Sisi tumelifinya neno hilo hadi likatosha ndani ya bahasha ya sadaka.

Kadhalika neno talanta. Siku hizi ni kipawa cha kuimba au kusakata kabumbu. Katika Injili ya Mathayo, sura ya 25, talanta ilikuwa fedha nyingi mno: takriban dinari 6,000, na dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku. Mtumwa aliyeifukia ardhini hakuiba hata senti. Aliirudisha nzima, na bado alihukumiwa.

Mimi pia sikuiba. Sikupoteza hata karatasi moja. Nilizifukia tu. Lakini ndani ya karatasi zile mlikuwa na miaka 16 ya kijana aliyepitia mfumo wa 8-4-4, na karo ya wazazi walioitafuta kwa jasho. Nilikesha usiku mbili nikazisahihisha, lakini orodha ilikuwa imekwisha kufungwa. Kijana yule alingoja mwaka mzima ndipo avae joho, na bila shahada hakuweza kuomba kazi aliyoisomea. Mwaka huo sina uwezo wa kumrudishia.

Walimu wenzangu, kipindi cha dakika 40 ni amana. Anayeingia darasani dakika 15 zikiwa zimepita ametumia kisichokuwa chake, hata kama bahasha yake ya Jumapili imejaa. Chaki na karatasi za shule nazo ni amana, na chovya chovya humaliza buyu la asali. Nanyi wanafunzi, karo iliyotumwa na mzazi, mkopo wa serikali, na kitabu cha maktaba ambacho mwingine atakihitaji baada yenu, vyote mmewekewa tu. Anayerarua kurasa mbili ili apate kusoma chumbani kwake amemnyima elimu mtu asiyemjua.

Sisemi fungu la kumi lisitolewe. Nasema lisiwe kifuniko. Yesu alifundisha kwamba mtu akiwa madhabahuni, akakumbuka kuwa nduguye ana neno juu yake, aiache sadaka yake pale pale, aende akapatane naye kwanza.

Tangu siku ile, kila Jumapili kabla ya kuondoka nyumbani, mimi hufungua buti la gari nikatazama. Nikikuta karatasi za watu, najua wiki yangu ya uwakili haijaisha.