Gari Linapochoma Masizi Yake



Leo tuzungumze juu ya pikapu. Huenda utauliza: mganga wa zahanati ana habari gani na pikapu? Anazo nyingi. Hapa kwetu Katavi mgonjwa wa kijijini mara nyingi hafiki Mpanda kwa gari la wagonjwa. Hufika kwa pikapu ile ile iliyobeba mpunga asubuhi. Pikapu ikikosa nguvu njiani, mgonjwa amekwama. Ikiwasha nyasi, nyumba zinaungua. Moshi wake ukiingia kifuani, anayekohoa huja kwangu.

Mimi si fundi. Haya nimeyauliza kwa madereva na mafundi, nimeyasoma, na mengine nimeyaona juu ya kitanda cha zahanati.

Tuanze na moshi. Injini ya dizeli hutoa masizi. Chembe zake ni ndogo mno. Unene wa unywele mmoja wa kichwa chako ni kama mara 30 ya chembe hizo, au hata zaidi. Chembe ndogo namna hiyo hazizuiwi na vinyweleo vya pua. Huingia mpaka ndani kabisa ya mapafu. Mwezi wa Juni mwaka 2012 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walitangaza kwamba moshi wa dizeli husababisha saratani ya mapafu. Kwa mwenye pumu haihitajiki miaka mingi. Safari moja nyuma ya pikapu yenye moshi mweusi inatosha kumbana kifua.

Kwa sababu hiyo watengenezaji wa magari wameweka chujio kwenye bomba la moshi. Mafundi huliita kwa herufi tatu: DPF. Magari mengi ya zamani hayana chujio hili. Lakini pikapu za miaka ya karibuni, hasa zile zinazoletwa zikiwa zimetumika nje, nyingine zinalo. Chujio ni kama sega la nyuki lililotengenezwa kwa kitu kinachofanana na udongo wa kuchomwa. Moshi hupita, masizi hunasa. Chujio zima hukamata zaidi ya sehemu 9 katika kila sehemu 10 za masizi.

Sasa masizi yaliyonasa yanakwenda wapi? Mama anayepika kwa kuni anajua jibu. Tazama chungu kilichoganda masizi chini. Siku moto ukiwa mkali, masizi yale hushika cheche, yanatambaa mekundu, kisha yanakwisha yenyewe. Chujio la gari husafishwa hivyo hivyo. Masizi yakijaa, injini huongeza dizeli kidogo ili moshi uwe wa moto sana, kiasi cha digrii 600 ndani ya chujio. Maji huchemka kwa digrii 100, basi jipimie mwenyewe. Masizi huungua na kubaki majivu kidogo. Kazi hii huchukua kama dakika 10 mpaka 25, na katika magari mengi hufanyika gari likiwa linatembea.

Hapo ndipo shida ya vijijini inapoanza. Gari linalokwenda mwendo mzuri katika barabara ndefu hujisafisha bila dereva kujua. Lakini gari linalotoka ghalani kwenda mashineni, kutoka mashineni kwenda sokoni, likizimwa kila baada ya dakika tano, halipati joto la kutosha. Kila likianza kuchoma masizi yake, dereva analizima. Vivyo hivyo gari linalonguruma limesimama wakati watu wanapakia magunia. Masizi yanazidi.

Gari lenyewe hutoa habari. Kwenye dashibodi huwaka taa ya rangi ya manjano iliyoiva. Katika magari mengi picha yake ni bomba lenye kisanduku, na ndani ya kisanduku kuna vidoti. Magari mengine huandika DPF. Wewe uliyejifunza kusoma, herufi hizo tatu zisikupite. Hata kama si dereva, ukikaa mbele ukaziona, mwambie dereva.

Mwaka jana wakati wa masika tulimpakia mama mwenye uchungu katika pikapu ya kukodi, kwenda Mpanda. Mtoto alikuwa amekaa vibaya tumboni na zahanati yetu haina upasuaji. Taa ile ilikuwa imewaka siku tatu. Dereva alikuwa akifanya safari fupi fupi za mpunga, na aliona gari linatembea, basi akaiacha. Kwenye kilima cha kwanza gari likapoteza nguvu. Halikuzimika, ila likatambaa kama mtu aliyebeba mzigo mzito. Chujio likijaa kupita kiasi, gari hujipunguzia nguvu lenyewe ili injini isiharibike. Tulitoka mchana, tukafika usiku wa manane. Mama alipasuliwa na kupona. Mtoto alizaliwa amechoka sana na alikaa wodini siku nyingi. Yule dereva si mtu mbaya. Hakuna aliyewahi kumweleza taa ile ina maana gani.

Basi, dereva afanye nini taa ikiwaka? Asizime gari. Aliendeshe mfululizo katika barabara nzuri, kwa mwendo ulio halali na salama, kama nusu saa, mpaka taa izimike. Kama hana safari, aitafute mapema, kabla mgonjwa hajamwita. Kama taa inaanza kumweta, au nyingine ya injini imewaka pamoja nayo, au nguvu zimepungua, kuendesha hakutoshi tena. Aende kwa fundi mwenye chombo cha kusoma kompyuta ya gari.

Utajuaje gari linajichoma sasa hivi? Mlio wa injini hubadilika na kuwa mkubwa kidogo likisimama. Feni huzunguka kwa nguvu. Kuna harufu ya kuungua, na chini ya gari panatoka joto kali. Ukiona hayo, usiliegeshe juu ya nyasi.

Neno hili la nyasi nataka tulikalie. Kwetu kuanzia Mei mpaka Oktoba nyasi ni kavu kama karatasi. Nyasi kavu huweza kushika moto kwa joto la digrii 300 hivi. Dereva anaingiza gari shambani, anaegesha juu ya mabua ya mpunga, anakwenda kupima magunia. Akigeuka, moshi. Jambo hili si la kwetu peke yetu. Mwaka 2017 huko Australia pikapu za Ford Ranger ziliitwa zirudishwe kukaguliwa, kwa sababu nyasi ndefu zilinasa chini ya gari karibu na chujio na kuweza kuwaka. Kwa hiyo, ukitoka porini, inama utazame chini ya gari. Toa nyasi na majani yaliyonasa, kwa kijiti, baada ya gari kupoa. Gari lisimame penye udongo mtupu, mbali na paa la nyasi, mbali na rundo la mabua, mbali na madumu ya mafuta.

Magari mengine yana kitufe cha kuchoma masizi gari likiwa limesimama. Hilo ni jambo zuri, lakini mahali pake ni peupe, nje kabisa. Watoto wasisogee. Pikapu iliyosimama inanguruma huwavuta watoto kama ngoma, nanyi mnajua.

Mtoto akiungua kwa bomba la moshi, mmwagie maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Maji ya mtungi, ya kisima, yote yanafaa. Usimpake dawa ya meno, mafuta ya kula, yai, wala udongo. Vitu hivyo hushika joto na kuingiza uchafu. Usitumbue malengelenge. Funika kwa kitambaa safi, kilicholegea, umlete zahanati. Kama ameungua uso, mkono, sehemu za siri, au eneo kubwa kuliko kiganja chake, usingoje kesho.

Jambo jingine ni hewa ya sumu. Usiwashe gari ndani ya banda lililofungwa, hata mvua ikinyesha. Katika moshi wa injini kuna hewa isiyo na rangi wala harufu, inayoshika damu kwa nguvu kuliko hewa safi kiasi cha mara 200 au zaidi. Injini ya dizeli hutoa hewa hiyo kidogo kuliko ya petroli, lakini ndani ya banda kidogo huwa kingi. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na miguu kulegea. Watu wengi husema ni malaria. Ukiona watu wawili au watatu waliokuwa mahali pamoja wanaumwa kichwa kwa wakati mmoja, watoe nje kwanza, kisha walete hospitali. (Jiko la mkaa chumbani usiku huua kwa hewa hiyo hiyo, na hilo nimeliona mara nyingi kuliko la gari.)

Mafuta nayo yana sehemu yake. Mwaka 2015 nchi za Afrika Mashariki zilianza kutumia kiwango cha dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 katika sehemu milioni moja, na dizeli hiyo hulifaa chujio. Lakini mafuta ya madumu yaliyochanganywa mafuta ya taa hayafuati kiwango chochote. Ni rahisi siku ya kununua tu. Na anayevuta dizeli kwa mdomo kwa mpira anajitafutia maradhi. Akiimeza, msimtapishe. Dizeli ikipanda na kuingia mapafuni ni hatari kuliko ikibaki tumboni. Mleteni.

Dereva apime oili pia. Gari likikatizwa kila mara linapojichoma, dizeli hushuka na kuchanganyika na oili, na kipimo huonyesha oili imezidi. Oili iliyozidi bila kuongezwa si baraka. Imwagwe, iwekwe nyingine ya aina iliyoandikwa katika kitabu cha gari.

Wapo mafundi wanaokata chujio na kulitupa. Mmoja aliniambia kwamba chujio hilo ni la Ulaya, huku halina kazi. Ninamwelewa mwenye gari, maana chujio jipya ni ghali sana. Lakini siwezi kukubaliana na fundi yule. Mapafu ya mtu wa Inyonga hayana tofauti na ya mtu wa Ulaya. Masizi yaliyokuwa yakinaswa sasa yanawaendea abiria waliokaa nyuma, na mama mwenye mtoto mgongoni ndiye hukaa nyuma. Kabla ya kukata, ajaribu kulisafisha. Majivu yaliyobaki baada ya miaka huweza kutolewa, na fundi anayeyapuliza avae barakoa, asimame upepo unakotoka.

Kama gari la kijijini kwenu halina chujio au limekwisha kukatwa, wakalisheni wazee, watoto wachanga na wenye pumu mbele. Mgonjwa anayelazwa nyuma alazwe kichwa kikielekea mbele, mbali na mwisho wa bomba.

Hapa zahanati tumefyeka nyasi mahali pa magari, hatua kumi kila upande, na tumeweka ndoo mbili za mchanga. Mkija usiku na mgonjwa, egesheni hapo. Chini ya mwembe pana majani makavu.